Ringi za Gari la Maharusi

"Hizi hazikuharibika juzi," alisema Mama Mashine, ameinamia ringi ya kwanza kati ya nne alizoletewa. "Hizi zimeharibika pole pole, kwa miaka."

Dereva alikuwa amezileta kwa mkokoteni wa kukodi, amezifunika magunia kama mtu anayesafirisha mali ya wizi. Aibu ilikuwa bado mbichi. Wiki tatu nyuma, gurudumu la mbele la gari lake lilichomoka barabarani mchana kweupe, bibi harusi wa watu akiwa kiti cha nyuma. Hakuumia mtu. Gari lilikuwa linatambaa tu, mwendo wa harusi, likakita ubavu kwenye lami na kusimama. Gurudumu lenyewe ndilo halikusimama. Liliendelea na safari peke yake, likavuka njia panda na kuingia kwenye meza ya muuza vitunguu. Bibi harusi alimalizia njia kwa miguu, kashika gauni kwa mikono miwili, na watu wakamrekodi kwa simu zao bila huruma. Tangu siku hiyo mtaa mzima, uliokuwa ukimwita Dereva kwa heshima, ukaanza kumwita Tairi Tatu.

Alikuwa ameendesha gari la bosi wake miaka kumi na tisa, na alipostaafu akalinunua, limezeeka kama yeye. Lilikuwa gari la zamani hasa, la ringi za chuma na bampa zinazong'aa, na watu walilipenda kwenye picha. Kila mwenye harusi alilitaka. Ndilo lililomlisha yeye na mkewe tangu kustaafu.

Mama Mashine alivuta chini miwani yake, iliyofungwa kisogoni kwa lastiki. Alikuwa mama wa miaka sitini, mjane, na mashine ya kukereza aliyoachiwa na marehemu mumewe aliijua kuliko marehemu mwenyewe. Alimwonyesha Dereva kwa kidole.

"Tazama hapa. Tundu la boliti linatakiwa kuwa duara, na mdomo wake uwe na mteremko kama faneli, ili kichwa cha boliti kikae kitako. Hili lako limekuwa yai. Na hili. Na hili hapa ndiyo kabisa, kidole kinacheza ndani."

"Vyuma vya zamani," alisema Dereva.

"Vyuma vya zamani ndivyo vyuma. Ngoja."

Alichukua kisu kidogo akakwangua mdomo wa tundu. Rangi ikatoka kwa maganda, moja baada ya jingine, kama kitunguu. Nyeupe. Ya fedha. Nyeupe tena. Akayapanga maganda kwenye kiganja chake na kuyahesabu kimya kimya, kisha akamwangalia Dereva juu ya miwani.

"Tabaka saba. Nani anayekupakia rangi mpaka ndani ya matundu?"

Swali lilikuwa jepesi na jibu lake lilikuwa limesimama hapo hapo, limevaa kofia. Kila Ijumaa iliyotangulia harusi kubwa Dereva alizivua ringi, akazilaza juu ya matofali uani, akazipaka kwa mkono wake. Alianza na brashi kubwa, akamalizia na brashi ndogo ya kuingia ndani ya matundu, kwa sababu aliamini kwamba humo ndimo kutu huingilia. Hakuna kazi aliyoipenda kama ile. Mkewe alikuwa akimtania kwamba yeye hajawahi kupakwa hata poda kwa umakini ule.

"Fundi mmoja," alisema.

"Fundi gani huyo?"

"Wa huko huko tu."

"Basi mwambie fundi wako aache. Boliti ikikaa juu ya rangi haijakaa juu ya chuma. Unaikaza, inakudanganya kwamba imekaza. Gari likitembea rangi inasagika, inatoka, boliti inabaki imelegea. Gurudumu linaanza kucheza kidogo kidogo, na kila likicheza linakula tundu. Tundu likishakuwa yai, kaza mpaka mishipa ya shingo ikutoke, ni kazi bure." Akafuta kiganja chake kwenye aproni. "Mkazaji hana kosa hata kidogo."

Mama Mashine hakujua alichosema. Kwake ilikuwa sentensi ya ufundi tu. Lakini mkazaji alikuwepo, na alikuwa na kitanda nyumbani kwa Dereva.

Mkazaji huyo alikuwa mdogo wa mkewe. Waliishi naye mwaka wa sita sasa, katika chumba cha nyuma. Binti yao, kabla hajaolewa, alimwita Mjomba, na mtaa ukaliokota jina hilo, akawa Mjomba wa kila mtu. Alifanya kazi kwenye gereji ya tairi karibu na mzunguko wa barabara. Ijumaa ile ya kuamkia harusi Dereva aliyashikiza tu magurudumu, akampelekea gari abadilishe tairi mbili na kuyakaza yote manne. Jumatatu yake, baada ya balaa, Dereva alirudi pale gereji na kusimama katikati ya wateja. "Huyu hapa ndiye aliyetaka kuniulia bibi harusi wa watu," alisema, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. "Alisahau kukaza boliti. Mtoto wa miaka mitano anajua boliti hukazwa." Mjomba alikuwa amepiga magoti kando ya tairi. Alisema neno moja tu: "Shemeji, nilikaza." Tajiri wa gereji, ambaye alishaiona ile video mara tatu, alimwambia avue ovaroli papo hapo. Kibarua kikaota nyasi mbele ya macho ya watu.

Sasa Mjomba alikuwa amepata kazi nyingine, ya kubadilisha tairi za malori kwenye machimbo ya mawe, mwendo wa siku mbili kutoka pale, kulala kwenye mabanda ya bati. Alikuwa anaondoka Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Hizi mbili za nyuma zina afadhali," Mama Mashine aliendelea. "Nitayachonga matundu upya, niyatie pete za chuma, nichomelee. Hizi mbili za mbele ni chuma chakavu."

"Huwezi kufanya namna, mama? Kuchomelea tu, halafu utoboe upya?"

"Naweza. Lakini sitaki kuona watu wanapanda juu yake." Akazisukuma zile mbili kando kwa mguu. "Hiyo namna ndiyo iliyokufikisha hapa."

 

Alipofika nyumbani mkewe alikuwa chumba cha mbele, kwenye cherehani, anaunga mikono ya mashati ya shule. Vitambaa vilikuwa vimejaa mpaka juu ya kochi. Uani Mjomba alikuwa anafua nguo zake za safari. Wiki zile tatu alikuwa amejizoesha kula mapema, peke yake, asikae meza moja na shemeji yake, na alilifanya hilo kwa adabu kiasi kwamba hakuna aliyeweza kumlaumu. Kila siku alipata kisingizio. Siku hiyo alikuwa ametengeneza bawaba ya mlango wa choo ambayo ilikuwa imelegea tangu mwaka juzi.

Dereva alishusha zile ringi mbili mbovu kando ya gari, ambalo lilikuwa juu ya matofali.

"Wamesemaje, shemeji?" aliuliza Mjomba, mikono imejaa povu.

"Zimechakaa."

"Zote?"

"Mbili."

Mjomba alizitazama zile ringi, kisha akamtazama shemeji yake, kidogo tu kuzidi kiasi ambacho jibu lile lilistahili. Pale palikuwa na nafasi. Kulikuwa na hatua tatu kati yao na beseni moja, hakuna mtu mwingine, na maneno yenyewe yangeenea kwenye pumzi moja. Dereva alifungua mdomo.

"Hizo suruali zikianikwa sasa hivi zitakauka," alisema.

"Zitakauka," Mjomba alikubali, akainamia beseni.

Ndani, mkewe aliuliza bila kuinua macho kwenye sindano. "Kwa hiyo ameshajua kosa lilikuwa nini, huyo mama?"

"Mafundi wana maneno mengi."

"Nami nilijua atasema mkazaji." Alikata uzi kwa meno. "Basi tena. Yaishe."

Mkewe ndiye aliyemlea Mjomba tangu akiwa na miaka minane, mama yao alipofariki. Alimwogesha, akamshonea sare, akampeleka shule kwa mkono. Ndiyo maana aibu ya lile gurudumu ilimuuma mara mbili, kama mke na kama dada. Gauni la yule bibi harusi lilikuwa limechanika pindo, naye akajitolea kulishona upya bila malipo. Alipolipeleka, mama wa bibi harusi alilipokea mlangoni, akalikagua mshono kwa mshono mbele ya majirani, na hakumkaribisha hata kukaa. Alirudi nyumbani siku ile akamkuta mdogo wake amekaa kitandani na mikono mitupu. "Umeniaibisha," alimwambia. Mjomba aliinamisha kichwa, naye akachukulia kwamba hilo ndilo jibu.

 

Alhamisi Dereva alikwenda gereji. Tuseme ukweli, alikusudia mema. Roho ilikuwa imemsuta tangu alfajiri, na njiani alikuwa amejipangia maneno vizuri kabisa. Lakini alichagua saa ya mchana wakati wateja wamepungua, akapitia mlango wa nyuma, akamkuta Tajiri anakula ofisini.

"Karibu, Tairi Tatu," alisema Tajiri, na akacheka peke yake. "Utani tu, mzee wangu. Kaa."

Dereva alikaa. Jina lile lilimwingia kama sindano na maneno yote aliyoyapanga yakatawanyika. Akifungua mdomo sasa, aliwaza, kesho hawataishia Tairi Tatu. Watasema mzee mwenyewe ndiye aliyelegeza gurudumu lake kwa kupenda kupaka rangi, kama msichana na kucha zake. Nani atampa tena harusi?

"Nimekuja kwa ajili ya yule kijana," alisema.

"Amefanya nini tena?"

"Hapana, hapana. Nasema tu, pengine hakukosea sana. Pengine na chuma nacho kilikuwa kimechoka."

"Unataka kusema nini, mzee?"

"Nasema tu."

Tajiri alitafuna akimwangalia. Alikuwa mtu wa haki kwa kiwango cha watu wenye shughuli nyingi, yaani akionyeshwa haki waziwazi aliifuata, lakini hakuwa na muda wa kwenda kuitafuta. "Mimi sikuona boliti zikikazwa wala zikisahaulika," alisema. "Nilikuona wewe, mzee mzima, tena shemeji yake, umesimama mbele ya wateja wangu unasema. Nikasema mtu hawezi kumsingizia wa nyumbani kwake. Kuna jingine?"

Dereva aliuliza bei ya ringi mbili za zamani, akajibiwa kwamba za aina ile hazipatikani, akashukuru, akaondoka kwa mlango ule ule wa nyuma.

 

Ijumaa alizilaza zile ringi mbili mbovu juu ya mfuko mtupu wa saruji na kuanza kuzikwangua. Hazikuwa na kazi tena. Ni mikono tu iliyokosa pa kushika. Alikwangua mdomo wa tundu moja baada ya jingine, na kila tabaka alilikumbuka. Ile nyeupe ya juu ilikuwa ya harusi ya balaa. Ya fedha ilikuwa ya mtoto wa mwalimu, aliyetaka gari lifanane na pete. Chini yake kulikuwa na nyeupe ya mapacha walioolewa siku moja, gari likaenda mara mbili. Chini kabisa alikuta rangi ya maziwa, tabaka nene kuliko yote. Alipoiona alisimamisha kisu. Ile ilikuwa ya binti yake. Alikuwa ameipaka mara mbili kwa siku moja, hajalala kwa furaha, na kwenye matundu alijaza mpaka ikachuruzika. Bila shaka hapo ndipo uharibifu ulipoanza, siku ambayo alimpeleka mwanawe mwenyewe. Alimpitisha mjini akiimba, na chini yake chuma kimekaa juu ya rangi mbichi.

Mkewe alitoka na kikombe cha chai, akamkuta katika hali hiyo.

"Hizo si umesema za kutupa?"

"Za kutupa."

"Unazikwangulia nini?"

Angeweza kumpiga chenga, kama alivyowapiga wengine. Lakini alikuwa na ganda la rangi ya maziwa mkononi, na uongo ulimchosha. Akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia mwisho, akarudi katikati, lakini mkewe alikuwa fundi naye, alijua maana ya kitu kilichoshonwa juu ya kitambaa kisicho imara.

"Kwa hiyo ni rangi," alisema.

"Ni rangi. Rangi yangu."

"Umejua lini?"

"Jumatano."

"Leo?"

"Ijumaa."

Mkewe aliweka kikombe chini, taratibu, juu ya bampa la gari. Hakupandisha sauti, mdogo wake alikuwa chumba cha nyuma, anakunja nguo.

"Siku mbili," alisema. "Siku mbili unakula chakula changu, na mtoto niliyemlea anafunga mzigo nyuma ya ukuta huo."

"Jana nilikwenda kwa Tajiri."

"Ukasemaje?"

"Nilizungukazunguka."

"Ulipitia wapi?"

Dereva aliligeuza lile ganda la rangi kiganjani.

"Ulipitia nyuma," alisema mkewe. "Ulimvua nguo mbele za watu, halafu unataka kumvisha chemba. Kesho asubuhi utakwenda, utapita mlango wa mbele, utasema kama ulivyosema siku ile. Kwa sauti ile ile."

"Basi nimwambie yeye kwanza, sasa hivi."

Mkewe alifikiri. Kwa maisha yake yote yaliyobaki angeirudia akilini dakika hii. "Hapana," alisema. "Utamwambia nini? Samahani tupu? Mrudishie kazi yake kwanza, ndipo uje na neno lenye kitu ndani. Basi lake linaondoka saa tano. Ukiwahi gereji saa mbili, atafungua mzigo wake mwenyewe."

Walikubaliana hivyo, wakiwa wamesimama uani, wanaongea kwa kunong'ona kama wezi. Ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa mwembamba, wa matofali ya upande, na nyuma yake palikuwa kimya.

 

Jumamosi Dereva alivaa koti lake la kazi la zamani na tai. Kama ni kuumbuka, aliamua kufa na tai shingoni. Alifika gereji saa mbili na robo, akapita mlango wa mbele. Kulikuwa na mtu mwenye gari la makreti ya soda, mama mmoja na tairi la baiskeli begani, na madereva wawili wa pikipiki waliokuwa wanagawana sigara. Kazi ya Mjomba ilikuwa inafanywa na mtu mzima mwenye mvi, amepiga magoti pale pale Mjomba alipokuwa siku ile.

"Jamani, nisikilizeni," alisema Dereva.

Walimsikiliza, kwa sababu ya tai.

"Wiki tatu zilizopita nilisimama hapa nikasema kwamba Mjomba alisahau kukaza boliti za gari langu. Nilisema uongo. Sikujua kwamba ni uongo, lakini sikutafuta kujua. Matundu ya ringi zangu yalikuwa yameliwa, na niliyeyaharibu ni mimi mwenyewe, kwa rangi. Mimi ndiye niliyekuwa napaka. Mjomba alikaza. Nimekuja kusema hapa hapa niliposema."

Mama mwenye tairi la baiskeli alilitua chini.

"Mjomba yupi?" aliuliza mama wa baiskeli.

"Aliyekuwa anafanya kazi hapa."

"Mimi leo ndiyo mara yangu ya kwanza kufika," alisema mama yule, kama anayejitetea.

Mmoja wa madereva wa pikipiki alimtazama vizuri, kisha akamgusa mwenzake kiwiko. "Si ndiye yule wa video? Tairi Tatu?" Akatoa simu ili ahakikishe. Mwenye makreti alitaka kujua kama foleni imesimama au inaendelea.

Tajiri alitoka ofisini, akaegemea mlango. "Umemaliza, mzee?"

"Nimemaliza."

"Haya. Waliokusikia siku ile walikuwa wengine. Mmoja alikuwa dereva wa basi, yuko mbali saa hizi, amekwishawasimulia abiria wake. Hao nitawatoa wapi?" Akaelekeza kidevu kwa yule mwenye mvi, ambaye alikuwa ameacha spana na kuwaangalia mmoja baada ya mwingine. "Na huyu ana watoto wanne. Nimfukuze kwa kosa gani?"

Yule mtu wa mvi alimtazama Dereva kwa hofu ya wazi, ya mtu anayesikia kibarua chake kinajadiliwa juu ya kichwa chake. Dereva aliangalia pembeni. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata kuchekwa. Hakujiandaa kukuta kwamba kosa lake limeshajengewa nyumba na watu wengine wamehamia ndani.

Tajiri alirudi ofisini, akatoka na karatasi. Alikuwa ameandika mistari minne: kwamba mwenye barua hii ni fundi tairi mzuri na mwaminifu, na kwamba aliachishwa kazi kwa taarifa zisizo sahihi. Aligonga mhuri juu yake. "Mpe hii," alisema. "Zaidi ya hapa sina. Ungekuja hata wiki iliyopita, huyu nilikuwa sijamchukua."

 

Saa tatu na nusu Dereva aliingia nyumbani anahema. Mkewe alikuwa amesimama katikati ya chumba cha mbele, na aliyaona majibu usoni mwake kabla hajayasikia. Mjomba alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi kati ya mashati ya shule, begi lake limefungwa kamba miguuni.

"Shemeji," alisema Dereva, "boliti ulikaza."

"Nilikaza."

"Ni rangi. Matundu yaliliwa kwa sababu ya rangi yangu. Nimetoka kusema gereji, mbele za watu. Nafasi imeshachukuliwa, lakini ameandika hii." Akampa karatasi. "Nisamehe, bwana."

Mjomba aliisoma barua mara moja, akaikunja na kuitia mfuko wa shati. Hakuonekana kushangaa, na hicho ndicho kilichomtisha dada yake.

"Ulikuwa unajua," alisema dada.

"Niliyaona matundu siku ile ile," alisema Mjomba. "Nilipoyashika tu. Rangi ilikuwa haijakauka sawasawa, ilinishika kidoleni. Hata yale ya nyuma yalikuwa yameanza. Mteja mwingine yeyote ningemwambia, ondoa gari lako hapa, mimi sifungi gurudumu la hivi. Nimewakatalia watu wenye magari ya maana kuliko lile." Alikuwa anaongea taratibu, anaitazama kamba ya begi. "Lakini shemeji alikuwa amesimama pale, kapendeza, anawaambia watu kesho ana harusi kubwa. Nakula kwake, nalala kwake. Nikaona haya. Nikakaza."

"Sasa mbona hukusema?" aliuliza Dereva. "Siku ile pale gereji, mbona hukunijibu?"

"Nilijibu. Nilisema nilikaza. Ulikuwa umekwishageuka." Akaikaza kamba ya begi. "Halafu nikarudi hapa nikakaa. Nikasema wataniuliza. Nilikuwa nimejiandaa kusema yote, na kosa langu pia, maana nami ninalo. Wiki tatu. Dada, hata wewe."

Dada yake alikuwa ameshika shati la shule kifuani, shati lisilo na mkono mmoja. Alitaka kusema kwamba alikuwa na aibu, kwamba mama wa bibi harusi alimsimamisha mlangoni, kwamba yeye pia aliumizwa. Vyote vilikuwa kweli na vyote havikuwa jibu. Alimlea mtoto huyu kwa kumuuliza. Umekula? Umeoga? Nani amekupiga? Na siku ambayo swali moja lingetosha, alimwambia umeniaibisha, akaenda kuwasha cherehani.

"Usiende," alisema. "Barua unayo. Utapata gereji nyingine mjini hapa hapa. Chumba ni chako."

"Kweli," alisema Dereva. "Kaa, bwana. Yamekwisha."

Mjomba alisimama. Alikuwa mrefu kuliko walivyokuwa wamezoea kumwona, kwa sababu kwa wiki tatu alikuwa anapita ameinama.

"Sina kinyongo, shemeji," alisema. "Lakini nikikaa hapa, siku moja utaniletea tena gurudumu bovu, nami nitakaza."

Aliliinua begi. Dada yake alishika mpini mmoja, yeye akabaki na mwingine, wakatoka pamoja hadi barabarani. Dereva alisimama mlangoni na tai yake shingoni. Hakuna aliyemkataza kuwafuata, wala hakuna aliyemwambia njoo.